Rundo la Mboji na Sahani ya Jirani

Udongo mwekundu wa Lubumbashi una rutuba haba. Kwa hiyo mwenye bustani huko Makomeno hufanya vema akirundika maganda na nyasi kavu, akayalowesha na kuyageuza hata yawe mboji. Je, mwanafunzi wa chuo amwagaye bukari safi juu ya rundo hilo hana kosa, maadamu udongo unafaidika? La, analo. Ganda halikuwa riziki ya mtu, bukari ilikuwa. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, alikifananisha chakula kitupwacho na mali iliyoibwa kwa maskini. Basi haki ina utaratibu: kwanza kupakua kwa kiasi, pili kumgawia mwenye njaa, kisha kulisha kuku, mwisho ndipo udongo hupewa masalio. Mboji huponya shamba, bali haifuti deni kwa mwenye njaa.