Moyo wa Kima

Msikilizaji, darasa moja la Mbagala au Tandale hukusanya watoto wa Kizaramo, Kimakonde, Kisukuma na Kipemba, na kila mmoja kasimuliwa hadithi kivyake nyumbani. Mwalimu asiwaambie ipi ni sahihi, awaulize kilichobadilika. Chukua kisa cha kima aliyemponyoka rafiki msaliti kwa kudai ameuacha moyo wake mtini, ambacho Edward Steere alikikusanya Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870. Huko India rafiki msaliti ni mamba, na mkewe ndiye anayeutaka moyo. Katika Kalila na Dimna ya Kiarabu ni kobe. Unguja amekuwa papa, na anayeuhitaji moyo kama dawa ni sultani mgonjwa. Mtoto akiuliza kwa nini sultani, ameanza kuchunguza nani alikuwa na amri pwani hii.

Wapo wanaohofia kwamba mtoto ataiona hadithi yetu kuwa ya kuazima. Hofu hiyo naielewa, ila ushahidi unaikataa: papa na sultani ni kazi ya wasimulizi wa hapa, na kulinganisha ndiko kunakoidhihirisha. Wengine watasema muda hautoshi. Hadithi mbili fupi zinaenea kipindi kimoja. Mzazi, jioni ya leo msimulie mwanao ya kwenu, kisha mtume akaulize ya jirani.