Kwa Kadiri Inavyowezekana

Kufika Kilwa Kisiwani lazima uvuke maji. Hakuna daraja. Unapanda mashua au boti ya injini Kilwa Masoko, na muda si mrefu unaliona Gereza limesimama ufukweni ng'ambo. Kwa mwenye miguu yake ni safari fupi. Sisi tunaotumia kiti mwendo, bahari haitusumbui. Kinachotusumbua ni hatua chache za mwanzo na za mwisho: kutoka nchi kavu kuingia chomboni, na kutoka chomboni kushuka mchangani, ambako magurudumu membamba huzama. Hapo hubebwa mtu.

Nimebebwa mara nyingi, na sina chuki na migongo iliyonibeba. Kijana aliyenishusha Kisiwani aliniuliza kwanza anishike wapi, akaniweka kivulini, kisha akarudi kufuata kiti changu. Sikuona aibu. Pwani hii imewahi kubeba wakubwa kwenye machela, na hakuna aliyewaonea huruma. Basi kubebwa peke yake hakumshushi mtu. Swali ni nani mwenye amri. Wa kwenye machela alisema simama, geuza, twende. Mimi ninayebebwa kwa hisani nina neno moja tu la kusema, nalo ni asante.

Na magofu hayatazamwi kwa asante. Mtu huenda kwenye magofu ili akawie. Anataka kurudi tena kwenye nguzo aliyoipita, akae kimya, aachwe peke yake. Ukiwa mikononi mwa watu huwezi kukawia, kwa sababu unahesabu uchovu wao. Unasema umeridhika kabla hujaridhika. Unaona kile ambacho mikono ya wenzako imeweza kukuonyesha, na saa ya kuondoka unapangiwa na migongo yao.

Kilwa yenyewe inalijua jambo hili la hisani tangu zamani. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba sultani njiani nguo alizovaa, na sultani akazivua, akampa. Ni kisa kizuri, na bila shaka kilimfaa fakiri yule. Lakini tukitazame kwa upande wa pili. Ili avae, fakiri alihitaji mambo mawili: sultani mkarimu, na ujasiri wa kumsimamisha njiani. Kama siku ile angepita sultani bahili, angebaki na matambara yake. Hisani ni jambo jema, lakini haiwezi kuwa mpango wa mji. Haki ndiyo inayomfikia hata asiye na ujasiri wa kuomba.

Kwenye karatasi, haki tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba ule inataja makumbusho, maktaba na majumba ya maonyesho. Inapofika kwenye magofu na maeneo ya urithi wa taifa, inaongeza maneno machache: kwa kadiri inavyowezekana. Siyalaumu maneno hayo. Husuni Kubwa imejengwa juu ya mwamba unaotazama bahari, na ngazi zake ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe. Anayetaka kuzivunja ili mimi nipite ananipeleka mahali ambapo, nikifika, patakuwa pameshaharibika. Ninachouliza ni nani anayepima hiyo kadiri, na kama amewahi kujaribu kabla ya kusema haiwezekani.

Hoja ya kwanza ya wanaokataa ni heshima ya jiwe: urithi uachwe ulivyo. Lakini ulivyo lini? Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza karne ya 11 kama jengo dogo, ile sehemu ya kaskazini. Mji ulipokua na kutajirika ukaongezewa upande wa kusini mkubwa mara kadhaa kuliko wa kwanza, wenye kuba na matao. Sehemu ya paa ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15. Gereza la Wareno la mwaka 1505 lilijengwa upya na Waomani. Eneo lote liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, likawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na likatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta zilizokuwa zikiporomoka. Kila kizazi kimeshika chokaa hapa. Jiwe linalostahimili chokaa mpya halitavunjiwa heshima na njia ya mbao iliyolazwa juu ya mchanga, inayoweza kung'olewa kesho bila kuacha alama.

Athens walipitia mgogoro huu. Akropolis iliwekewa lifti mwaka 2004, wakati wa Paralimpiki, na mpya ikafungwa mwaka 2020. Njia za zege zilizowekwa hapo ziliwakasirisha baadhi ya wanaakiolojia, na hasira yao haikuwa ya bure, kwani zege hufunika mwamba. Ninachojifunza hapo ni kwamba hata kilima kilichojengwa ili kipandwe kwa taabu kinaweza kufikiwa, na kwamba namna ya kukifikia ni jambo la kubishaniwa na wote wanaohusika, nasi tukiwemo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: fedha. Kwa nini kijiji kidogo cha wavuvi kigharimiwe kwa ajili ya wageni wachache wa viti mwendo? Ningeikubali kama wanaoshuka ufukweni pale wangekuwa wageni tu. Lakini Kisiwani wanaishi watu. Wana wazee, wana wajawazito, wana wagonjwa wanaovushwa kwenda hospitali ng'ambo. Mahali pazuri pa kushukia na njia ngumu isiyozamisha gurudumu vitamfaa kwanza mama mwenye uchungu usiku wa maji kupwa. Mimi nitapita mara moja kwa mwaka, yeye atakuwa ameshapita.

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuwaziba mdomo wanaowacheka vilema. Lakini inasema zaidi ya hapo. Inasema mwili ulio nao leo ni wa muda. Anayeikimbia ngazi akiwa na miaka ishirini ataitazama kutoka chini akiwa na sabini. Kwa hiyo mtu anayepima kadiri ya linalowezekana hawapimii watu wengine. Anajipimia mwenyewe, mapema, akiwa bado ana nguvu za kubishana.