Mlima wa Moto Ni Kiumbe cha Mungu

Kaskazini ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, yasimama milima minane iitwayo Virunga. Miwili kati yao ingali ikitapika moto: Nyamulagira, na Nyiragongo, ambao kilele chake chafika mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi mawingu yaliyo juu ya Nyiragongo yameonekana mekundu wakati wa usiku, kwa sababu ya moto uliomo shimoni mwake. Wazee wa zamani walipouona wekundu huo walisimulia ya kwamba humo ndimo ziunguzwamo roho za wafu waovu. Hata leo wapo wadhanio ya kuwa mlima una hasira, tena ya kuwa mtu mwenye uchawi aweza kuutumia moto wake au pumzi yake ili kumwua jirani.

Mkatekumeni husikia maneno hayo nyumbani, na katika mafundisho husikia maneno mengine. Ni lazima ajue ni yapi yenye kweli, kwa maana siku moja uzima wa mtu waweza kutegemea jibu lake. Mfano huu waweza kutokea katika kijiji cho chote cha pande za Sake au Goma.

Mtoto mmoja alikuwa akichunga mbuzi. Alfajiri, kabla ya jua kupanda, mbuzi mmoja alishuka katika bonde dogo penye majani mabichi, akaanguka. Mtoto akashuka ili amtoe, naye akaanguka. Kaka yake akapiga mbio kumwokoa, wala hakurudi. Jua lilipokwisha kuwa kali na upepo kuvuma, watu waliwatoa wote wakiwa wamekufa, bila jeraha wala alama ya ugonjwa. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kuulizana: «Ni nani aliyewaua watoto hawa?» Macho yakamwelekea bibi mmoja, mjane, akaaye peke yake karibu na bonde lile. Juzijuzi alikuwa amegombana na mama wa watoto kwa ajili ya mbuzi walioingia shambani mwake. Vijana wakashika fimbo. Kati yao alikuwamo mkatekumeni ambaye angebatizwa sikukuu ya Pasaka.

Afanye nini?

Kwanza na akumbuke fundisho la kwanza kabisa la imani: Mungu ndiye Mwumba wa mbingu na dunia, na vyote visivyo Mungu ni viumbe vyake. Jua ni kiumbe, ziwa ni kiumbe, na mlima wa moto vilevile. Kiumbe hakiabudiwi, wala hakiombwi msamaha. Nabii Eliya aliposimama juu ya mlima Horebu, upepo mkali ulipasua miamba, nchi ikatetemeka, kisha moto ukapita. Maandiko Matakatifu yasema ya kwamba Bwana hakuwamo katika upepo ule, wala katika tetemeko, wala katika moto. Eliya alimtambua katika sauti ndogo ya upole.

Pili, na ajue namna Mungu alivyoipanga nchi hii. Chini ya udongo na mawe, mbali sana, mna joto kubwa la kuyeyusha mwamba. Tena nchi ya Afrika ya mashariki imepasuka kwa ufa mrefu, na pande zake mbili zaachana polepole, milimita chache tu kila mwaka. Katika ufa huo yamelala maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Mahali ambapo mwamba umelegea, uji wa mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda juu. Ndivyo ilivyozaliwa milima ya Virunga. Zamani za kale maji ya nchi ya Kivu yalielekea kaskazini. Milima hiyo ikayaziba, ziwa likajaa, na leo maji yatoka kwa upande wa kusini katika mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Hakuna mchawi aliyefanya kazi hiyo. Ilianza kabla ya mji wo wote kujengwa na kabla ya ukoo wo wote kuhesabiwa.

Pamoja na uji wa moto, ardhi hutoa hewa za namna nyingi. Moja ni ile iitwayo kaboni dioksidi, ambayo hutoka katika nyufa za mawe, hata mahali palipo mbali na shimo la mlima. Haina rangi, wala haina harufu ya kumwonya mtu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo hushuka na kutulia mabondeni na mashimoni, kama maji yatuliavyo katika bakuli. Usiku na alfajiri, wakati upepo haupo na jua halijatia joto, hujikusanya kwa wingi. Watu wa Goma na Sake huiita mazuku. Aliye mfupi, aliyeinama na aliyelala chini hupatwa kwanza. Ndiyo maana wanyama na watoto hufa zaidi. Naye akimbiliaye kuwaokoa huivuta hewa hiyohiyo, akaanguka juu yao.

Basi, katika bonde lile hapakuwa na mkono wa mjane. Palikuwa na mazuku.

Lakini mwingine atasema: «Hata kama ni hewa au ni moto, si Mungu aliyewaadhibu kwa dhambi zao?» Bwana Yesu alikwisha kulijibu swali hilo. Yeye mwenyewe aliwakumbusha watu habari za mnara wa Siloamu, ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane. Yesu aliwakataza kudhani ya kwamba wale waliokufa walikuwa wakosefu kupita watu wengine wa Yerusalemu. Aliwaambia wasikiaji wake watubu wao wenyewe.

Fundisho hilo lafaa sana kwa watu wa Kivu. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na uji wake mwepesi ukashuka kwa mbio kuliko mtu awezavyo kukimbia, ukawaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena. Moto ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, na watu kwa maelfu na maelfu wakakimbilia Rwanda na pande nyingine. Siku ile zilichomwa nyumba za walevi na nyumba za wachaji wa Mungu. Hata kanisa kuu la Goma liliteketea. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka mara ya tatu, ukafika pembeni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Uji wa moto hufuata mteremko wa nchi. Hauchagui mlango wa mkosefu.

Je, Mungu amewaacha watoto wake? La, hasha. Moto huohuo uliogopwao ndio ulioitajirisha nchi. Majivu na mawe ya mlima, yakilainishwa na mvua kwa miaka mingi, hugeuka udongo mweusi uoteshao maharagwe, viazi, ndizi na kahawa. Tena Mungu amempa mwanadamu akili ili avijue viumbe na kuvitumia kwa haki. Mjini Goma wako wataalamu wenye kazi ya kupima mitetemeko ya ardhi na hewa za mlima. Katika vilindi vya Ziwa Kivu mmejificha gesi ya methani kwa wingi, nayo ni ya hatari. Lakini upande wa Rwanda watu wameanza kuivuta ili kupata umeme.

Basi Mkristo asidharau kazi ya wataalamu, akisema ya kwamba sala yamtosha. Noa alimtumaini Mungu, naye alijenga safina. Wakuu wakitangaza hatari na kuonyesha njia ya kukimbilia, kutii ni tendo la busara na la mapendo, hasa kwa mwenye watoto na wazazi wazee. Vivyo hivyo Mungu alimweka Adamu katika bustani ailime na kuitunza. Hakumpa ruhusa ya kuiharibu. Moto wa mlima na mvua hutengeneza udongo kwa miaka mingi sana. Mtu akikata miti yote ya mteremko kwa ajili ya makala, mvua chache zaweza kuuchukua udongo huo mpaka ziwani, na wajukuu wataachiwa mawe matupu.

Na yule mkatekumeni kati ya vijana wenye fimbo? Atakapobatizwa ataulizwa kama amkataa Shetani na kazi zake zote. Shetani hakuwa na kazi bondeni, kwa maana kule palikuwa na hewa tu. Kazi yake imo katika ulimi unaomsingizia mjane na katika mkono unaoinua fimbo. Amri ya tano yakataza kuua. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Mkatekumeni aliyezijua amri hizo na aviweke viapo vyake vya ubatizo katika matendo kabla ya siku yenyewe kufika: atupe fimbo, asimame mlangoni pa bibi yule, amwite katekista na mkuu wa kijiji, awaeleze watu habari ya mazuku.

Kesho yake, jua likiisha kupanda, yeye na wenzake wazungushe uzio wa miti kuanzia juu, kwenye ukingo wa bonde, pasipo mtu kushuka ndani, na waweke alama ambayo hata mtoto aweza kuielewa. Wawafundishe wachungaji ya kuwa mnyama akianguka bondeni bila sababu, mtu asimfuate, bali akimbie juu na kuwaita watu. Tena mwenge unaowaka si ushahidi wa usalama, maana hewa hiyo yaweza kumdhuru mtu kabla haijauzima moto.

Mama aliyefiwa atalia bado, na ni haki yake kulia. Wakristo wakae pamoja naye, wamsaidie shambani, wawaombee watoto wake. Na siku atakapoweza, wamsindikize mpaka kwa jirani yake mjane, ili wapatane kwa ajili ya wale mbuzi.