Kizuri Kisichosema Hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliuamini msemo huo mpaka uliponiaibisha mbele ya mjomba wangu.

Mwaka 2009 mjomba alikuwa na nyumba ya wageni Lamu, mtaa wa Mkomani, akanipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Ujana na mbwembwe: nikaijenga yote kwa Flash, programu ya kurasa zenye michoro inayotembea. Ukiifungua, mlango wa kuchonga unafunguka taratibu, taarabu inalia, picha za vyumba zinapita moja moja. Jina la nyumba, bei, hata nambari ya simu, vyote nilivichora kwa hati ya mapambo vikawa picha. Kila aliyeiona alisema mashallah.

Walioiona walikuwa wachache. Msimu wa wageni ulipofika, mjomba aliketi mbele ya kompyuta akaandika kwenye Google kwa kidole kimoja: nyumba ya wageni Lamu. Tukapekua kurasa tano. Nyumba za majirani zimo, yake haimo.

"Mwanangu," akasema, "jumba umenijengea zuri. Kibao hukuweka."

Usiku ule nilifungua msimbo wa ukurasa, nikausoma kama unavyosomwa na roboti ya Google: kichwa kitupu, faili moja la Flash, basi. Google ilikuwa imetangaza mwaka 2008 kwamba inasoma maandishi yaliyo ndani ya Flash, nami nilijifariji kwa hilo. Nilisahau kwamba maandishi yangu yalishageuka picha. Roboti haisimami mlangoni ikastaajabia nakshi, inatafuta maneno.

Nikaanza upya. IMG_0047.jpg ikawa mlango-wa-kuchonga-lamu.jpg. Kwenye sehemu ya alt, yaani maelezo ya picha yaliyofichwa ndani ya msimbo, iliyokuwa tupu, nikaandika: "Mlango wa mbao wenye nakshi, lango la nyumba ya wageni Mkomani, Lamu." Bei na simu zikarudi kuwa maandishi. Video ya mjomba akisimulia habari za nyumba yake nikaiwekea chini maneno yake yote, neno kwa neno. Sikurundika "Lamu, Lamu, Lamu" kila mahali, maana Google huhesabu hiyo kuwa hila. Tena maelezo ya alt husomwa kwa sauti na simu ya asiyeona, na mtu huyo anastahili kuelezwa picha, si kupigiwa kelele.

Majuma kadhaa baadaye mjomba aliandika tena maneno yaleyale. Nyumba yake ilikuwa ukurasa wa pili. Hakusema mashallah, aliuliza, "Na wa kwanza lini?"

Flash yenyewe imeshazikwa. iPhone haikuipokea kamwe, Google iliacha kuisoma mwishoni mwa 2019, Adobe, kampuni iliyoimiliki, ikakoma kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Ugonjwa wangu haukuzikwa nayo. Leo hoteli inapandisha orodha ya vyakula kama picha moja, na mwalimu anaweka video ya saa nzima bila mstari mmoja wa maelezo, kisha wote wawili wanalalamika kwamba hawaonekani.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaitoa tovuti yako hadharani, ziondoe picha zote, uzime sauti na video, kisha usome kilichobaki. Kama hakuna kitu, duka hujalifungua bado.