Kovu na Cheti

Wahenga walituachia semi mbili ambazo zikikutana njiani lazima zigombane. Ya kwanza inasema kosa moja haliachi mke. Ya pili inasema mwenye kovu usidhani kapoa. Ya kwanza inatutaka tusamehe, ya pili inatutaka tukae macho. Sasa, ndugu msomaji, tumchukue mtu ambaye miaka kadhaa nyuma alikamatwa akiendesha chombo huku amelewa. Alipelekwa mahakamani, akalipa faini, yakaisha. Leo anaomba cheti cha afya ili awe rubani, abebe watu angani. Tumpime kwa usemi upi?

Nilipolitaja swali hili mbele ya wenzangu, walicheka. Eti hayo ni ya Wazungu, huku Mbinga nani ana ndege? Lakini sisi watu wa Umatengo na wa ufukwe wa Ziwa Nyasa tunaishi kwa kubebwa na wengine. Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ni kilometa 66 za lami, na barabara inateremka toka milimani kona juu ya kona mpaka ziwani. Hapo roho yako iko mikononi mwa dereva. Ukifika chini unapanda boti kwenda Liuli au Lituhi, na upepo wa mwera ukiamka, roho yako iko kwa nahodha. Mwenye haraka na nauli huenda Songea akapanda ndege. Basini na botini angalau unaweza kumtazama macho anayekuendesha. Kwenye ndege mlango wake umefungwa, nawe umebaki kuamini karatasi.

Isitoshe, ninaye rafiki, mtoto wa mkulima wa kahawa, ambaye tangu shule ya msingi alikuwa akiunda ndege kwa mabua ya mahindi. Msimu mmoja malipo ya kahawa yalipotoka alikunywa kangara mpaka jioni, akapanda pikipiki, akaparamia kibanda cha mama muuza nyanya. Hakuna aliyeumia. Alifikishwa mahakamani, akatozwa faini, akaenda mwenyewe kwa yule mama kuomba radhi na kukijenga upya kibanda. Miaka imepita. Ndugu zake wanachangishana ili aende kusomea urubani, naye akaniuliza: "Kaka, siku nikikaa mbele ya daktari, akaniuliza habari za pombe, niseme au ninyamaze?"

Kabla ya kumjibu ilibidi nijue daktari huyo anatafuta nini hasa.

Rubani anabeba karatasi mbili. Leseni inasema anajua kurusha ndege. Cheti cha afya kinasema mwili na akili yake vinafaa kwa kazi hiyo. Leseni bila cheti kilicho hai ni jembe bila mpini. Kanuni za msingi zinatoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Tanzania ni mwanachama, na hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Rubani wa ndege za abiria anatakiwa cheti cha daraja la kwanza, na kwa kawaida hupimwa upya kila baada ya miezi 12. Akivuka miaka 60, ni kila baada ya miezi 6. Kanuni hizo zinataka mwombaji asiwe na historia iliyothibitishwa ya ugonjwa wa kutegemea pombe, ingawa zimeacha mlango wa kesi ya mtu kutazamwa kwa kina na mabingwa. Pia mwombaji hutoa maelezo ya afya yake na kuweka sahihi kwamba amesema ukweli wote anaoujua.

Wamarekani wanakwenda mbali zaidi. Fomu yao inauliza kama umewahi, wakati wowote maishani, kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kuendesha gari ukiwa umelewa. Aliye na leseni tayari, akiadhibiwa kwa kosa hilo, anatakiwa aripoti kwa mamlaka ya anga ndani ya siku 60. Na kama siku ile damu yake ilikutwa na kiwango cha asilimia 0.15 au zaidi, daktari haruhusiwi kumpa cheti papo hapo, faili lazima lipelekwe juu. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa kawaida akiwa na pombe kiasi hicho anayumba. Anayeweza kukaa nyuma ya usukani akakata kona, pengine mwili wake umekwisha kuzoea. Na aliyegundulika ana ugonjwa wa utegemezi hudaiwa ushahidi wa kupona, ikiwemo kuacha pombe kabisa kwa muda usiopungua miaka 2.

Hapo nilianza kuelewa. Daktari hatafuti kumtia mtu hatiani mara ya pili. Anatafuta kujua kama ule ulikuwa usiku mmoja, au ulikuwa dirisha la nyumba nzima.

Wapo wanaolalamika kwamba hii ni adhabu mbili kwa kosa moja. Mtu kalipa faini, deni limekwisha, mnamdai nini tena? Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya vitu viwili. Mahakama inahukumu jana. Cheti kinaahidi kesho. Faini inalipia kibanda kilichovunjwa, haiwezi kulipia safari ambayo haijafanyika.

Wapo nao wanaosema mlevi ni mlevi, apigwe marufuku maisha. Hao nawaomba twende nao Liuli.

Pale Liuli kuna jiwe kubwa majini ambalo Wajerumani waliliona linafanana na Sphinx wa Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Agosti 13, 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Guendolen, ikatokea upande wa Nyasaland na kuanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na yule wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki, tena wa kunywa pamoja. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia Berndt. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi akapiga makasia kuelekea Guendolen huku akimfokea mwenzake, akimuuliza kama amelewa. Rhoades hakuwa amelewa. Alikuwa ametumwa. Berndt akakamatwa mateka.

Watu hucheka wakisikia kisa hiki, na mimi nilicheka. Lakini kitazame vizuri. Berndt alimjua mwenzake kwa historia yake, na historia ile haikuwa ya uongo. Kosa lake lilikuwa kuifanya ndiyo jibu la kila kitu. Mizinga inalia, yeye anaona chupa. Ndivyo tunavyofanya tunapomtazama mtu wa leo kwa macho ya juzi tu. Historia inakufundisha uulize swali gani, ila jibu lazima ulitafute katika mambo ya leo.

Kuipuuza historia nako kuna gharama. Machi 24, 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga mafuta yanayokadiriwa kupita lita milioni 40. Nahodha wake, Joseph Hazelwood, aliwahi kutibiwa kwa ajili ya pombe mwaka 1985, na siku ya ajali leseni yake ya gari ilikuwa imefungiwa kwa kosa la kuendesha amelewa. Yaani serikali ilimkataza kuendesha gari dogo, lakini meli ya mafuta alikuwa nayo! Mahakamani, mwaka 1990, hakupatikana na hatia ya kuongoza meli akiwa amelewa. Alipatikana na hatia ya uzembe uliosababisha mafuta kumwagika. Kwa hiyo simtwiki ulevi wa usiku ule. Nasema tu kwamba karatasi mbili za mtu mmoja zilikuwa hazizungumzi, na hakuna aliyejua aamini ipi.

Mwaka uliofuata, Machi 1990, rubani Lyle Prouse wa shirika la Northwest alirusha ndege yenye abiria toka Fargo hadi Minneapolis akiwa na pombe mwilini, yeye na wenzake wawili. Ndege ilitua salama, nao wakakamatwa. Prouse alihukumiwa kifungo cha miezi 16, akanyang'anywa leseni zote. Je, ndiyo mwisho wake? La. Aliacha pombe kabisa. Alipotoka jela alianza upya kama mwanafunzi, akitafuta leseni moja baada ya nyingine, chini ya uangalizi. Mwaka 1993 shirika lilelile likamrudisha kazini, na mwaka 1998 akastaafu akiwa rubani mkuu wa Boeing 747. Januari 2001 Rais Clinton akampa msamaha. Huyu hakusamehewa kwa maneno matamu. Miaka ilihesabiwa, akapimwa, akapimwa tena.

Sasa tazama. Msamaha wa rais ulikuja wakati ameshaacha kurusha ndege. Cheti kilikuja kabla ya msamaha, kwa njia yake chenyewe. Hapa ndipo semi zetu mbili zinapopatana. Kusamehe ni haki ya aliyekosewa. Yule mama wa nyanya alikosewa, na alimsamehe rafiki yangu. Usemi wa kosa moja ni wake, auseme kwa kinywa kipana. Lakini mgonjwa anayepelekwa Muhimbili kwa ndege toka Songea hakukosewa na rafiki yangu. Hana cha kumsamehe. Anachodai ni kuhakikishiwa kwamba anayemrusha ametazamwa. Usemi wa kovu ni wake, na hausemi kwa chuki. Hata kovu hutazamwa na daktari, na likionekana limepona, limepona.

Kijijini tunajidai tunajua zaidi ya karatasi, na kwa sehemu ni kweli. Nahodha wa boti anaonekana kila siku. Akiacha ulanzi, watu wanajua wiki hiyohiyo. Akirudia, wanajua asubuhi yake. Kumbukumbu ya kijiji inakua pamoja na mtu, wakati karatasi ya mahakama inabaki na umri uleule. Lakini jamani, tuambiane ukweli. Tunamjua nahodha fulani anakunywa, na tunapanda, kwa sababu ni shemeji. Tunajua, tunacheka, tunapanda. Karatasi haina shemeji. Hilo ndilo jema lake.

Nayo ina ubaya wake, na huu ndio unaoniuma. Rekodi haiandiki waliokunywa, inaandika waliokamatwa. Tena hata hao si wote. Inaandika waliokamatwa wakashindwa kuyamaliza palepale barabarani. Rafiki yangu hakuwa na noti mfukoni, kesi yake ikaandikwa. Mtoto wa mwenye magari aliyekunywa naye kilabu kilekile, tena zaidi, leo ni msafi kama theluji ya Kilimanjaro. Daktari anayesoma karatasi peke yake atamwogopa maskini na kumwamini tajiri. Ndiyo maana swali la daktari haliwezi kuishia "uliwahi kushtakiwa?" Lazima liendelee: unakunywaje leo, nani anakujua, damu yako inasemaje? Maswali hayo yanamkuta na yule ambaye rekodi haikumkuta.

Basi nikamjibu rafiki yangu: sema. Chukua hati ya hukumu na risiti ya faini, eleza lilivyokuwa bila kulipaka sukari, na uwe tayari kupimwa. Akaniuliza, "Na wakininyima?" Sikuwa na jibu laini. Nilimwambia akinyimwa kwa ukweli bado atakuwa na mahali pa kurudi kuuliza: nifanye nini, nisubiri muda gani? Akipewa kwa uongo hana pa kurudi. Tena uongo huo si wa siku moja. Cheti kinahuishwa kila baada ya miezi 12, na uongo nao utahuishwa, sahihi juu ya sahihi, mpaka azeeke nao. Na siku moja akiwa na tatizo la kweli, la pombe au la moyo au la usingizi, atakuwa ameshazoea kumficha daktari. Huo ndio ulevi ninaouogopa kuliko kangara.

Lakini wajibu si wa kijana peke yake. Ukweli ukiwa ghali kuliko uongo, watu watanunua uongo, na wanunuzi wa kwanza watakuwa wale wasio na kitu. Ofisi inayotaka watu waseme iwaonyeshe kwamba anayesema ana njia ya kupita, hata kama ni ndefu. Wamarekani walilijua hili tangu miaka ya 1970, walipoanzisha mpango wa kuwatibu marubani wenye ugonjwa wa pombe na kuwarudisha kazini wakiangaliwa na madaktari na wenzao, badala ya kuwaacha wajifiche humohumo kwenye chumba cha rubani. Kwetu, ambako "pombe si chai" imekuwa mzaha wa kilabuni kuliko onyo, mpango wa namna hiyo ungewafaa hata madereva wa mabasi na manahodha wa maboti yetu, ambao hakuna anayewauliza lolote mpaka chombo kipinduke.

Nasi abiria tuna la kwetu. Tuache kumcheka anayekataa kikombe kwa sababu kesho ana safari. Tuache kumwita mnafiki aliyeacha, kana kwamba tunasubiri arudie ili tupumue. Anayetubeba anahitaji kijiji kinachomtazama bila kumwekea kinyongo, na ofisi inayomuuliza bila kumtega. Akivipata vyote viwili, akasema kweli, akapimwa akafaa, basi apewe cheti chake, na sisi tupande tukae kimya.