Je, Mgeni Hulipa Deni la Taifa Lake?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo sisi watu wa pwani, tulioishi kwa biashara ya kuja na kwenda, yatupasa kulizingatia: Je, ni haki mtu kuadhibiwa kwa kosa asilolitenda, kwa kuwa tu aliyelitenda ni wa nchi moja naye? Kila mmoja wetu akiulizwa hivi naye ametulia atajibu kuwa si haki. Lakini ghadhabu ikipanda, wachache hubaki na jawabu hilo.

Na tutazame yaliyopita baina ya Afrika Kusini na Nigeria mwezi wa Septemba 2019. Katika miji ya Johannesburg na Pretoria, makundi ya watu yaliyavamia maduka ya wageni wa Kiafrika, wakayapora na kuyatia moto, wakidai kwamba wageni wamewanyang'anya kazi. Walikufa watu wasiopungua 12, na wengi wao walikuwa ni wenyeji wenyewe. Habari zilipofika Nigeria, watu wa huko nao wakayaendea maduka ya Shoprite na ya MTN, kwa kuwa asili ya makampuni hayo ni Afrika Kusini. MTN ikafunga maduka yake kwa muda, na Afrika Kusini ikafunga ofisi zake za ubalozi Abuja na Lagos. Hayo yote yalitokea miezi miwili tu baada ya Nigeria kutia sahihi mkataba wa biashara huru ya Afrika.

Sasa na tupime. Waliolivamia duka la Lagos walidhani wamemtia hasara Mwafrika Kusini. Kumbe waliokuwa wakipata riziki ndani yake ni Wanigeria wenzao. Na waliochoma duka la mgeni Johannesburg walidhani watarudishiwa kazi; walichopata ni majivu.

Huenda mtu akasema kuwa biashara hurudi palipo na faida, basi hapana haja ya kuhuzunika. Twakubali kwa sehemu. Rais Ramaphosa alimtuma mjumbe, Jeff Radebe, akaomba radhi mbele ya Rais Buhari, na mwezi wa Oktoba Buhari akazuru Afrika Kusini. Milango ya makampuni makubwa ikafunguliwa tena. Amma mwenye duka dogo lililoteketea, ni mjumbe gani aliyemwendea? Mamia ya Wanigeria walipanda ndege wakarudi kwao.

Sisi twaona kwamba rasilmali ni amana. Awekaye mali yake katika nchi ya watu hategemei mkataba peke yake. Humtegemea jirani, kuwa hatamwendea usiku na moto. Mkataba hutiwa sahihi na wakubwa, lakini hutimizwa au huvunjwa mtaani.

Wala hatusemi kuwa asiye na kazi hana la kulalamikia. Dhiki yake ni ya kweli. Na mgeni aliyekosa apelekwe mbele ya hakimu. Lakini apelekwe yeye, kwa jina lake na kwa kosa lake. Kumwandama mwengine kwa ajili yake ni dhulma, hata ikiitwa kisasi.

Nasi tusijione tuko mbali. Wazee wetu walingojea pepo za kusi na kaskazi katika bandari za watu, wakalala kwa amani ya wenyeji. Basi tukimsikia mtu akisema, "Watu wa nchi fulani ndio walivyo," tumwulize: ni nani, na amefanya nini? Akikosa jawabu, tusimfuate.