Sifa Mbele ya Mfiwa

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi waliokuwa karibu waligeuza mitumbwi yao wakaenda kuwatoa watu kabla vikosi vya uokoaji havijajipanga. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Siku iliyofuata miili iliagwa katika uwanja wa Kaitaba.

Baada ya msiba wa namna hii mji mmoja husema sentensi mbili. Nyumbani kwa aliyepona watu wanasema: Mungu mkubwa, amemtetea. Nyumbani kwa mfiwa wanasema: kazi ya Mungu haina makosa. Mara nyingi wasemaji ni walewale, wanatoka nyumba moja kuingia nyingine. Nami nauliza, kama Mkristo anayependa kumsifu Mungu na asiyetaka kuacha: je, sentensi hizi mbili zinaweza kukaa katika kinywa kimoja bila mojawapo kuwa uongo?

Asiye na imani atasema hakuna tatizo. Aliyepona alikaa kiti kizuri, maji yakachelewa kumfikia, basi. Anachokiita sifa ni pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu. Jibu hilo lina unyofu wake, ila haliwezi kueleza kwa nini mtu huyo anahisi anawiwa. Anayeponea chupuchupu hufurahi. Huyu anafurahi na pia anatafuta wa kumshukuru, na asipompata hukosa raha. Kuwiwa huko ndiko ninakotaka kuchunguza.

Kinachonisumbua zaidi ni jibu la upande wa pili, la waamini wenzangu: Mungu alimchagua huyu apone kwa kuwa ana kusudi naye. Husemwa kwa nia njema kabisa, madhabahuni, makofi yakapigwa. Lakini kila neno linalosemwa kumhusu aliyepona linamgusa pia aliyezikwa. Kama huyu alitunzwa kwa sababu ya kusudi, mjane aliyeketi benchi la nyuma anaambiwa nini kuhusu mume wake? Kwamba hakuwa na kusudi? Hakuna anayethubutu kulitamka, ila hesabu tayari imefungwa na yeye anajua jibu lake.

Yesu aliletewa habari ya jambo la jinsi hii. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 wakafa, na anakana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Haelezi kwa nini uliwaangukia wao. Anaikataa tu hesabu yenyewe. Na sura tano mbele wapo Farisayo na mtoza ushuru hekaluni, na sala ya Farisayo inaanza kwa shukrani. Wengi tunapoisoma habari hiyo tunakimbilia kiburi chake, tukisahau kwamba alikuwa anamshukuru Mungu. Shukrani yake iliharibika mara tu ilipohitaji mtu wa kulinganishwa naye. Bila yule mtoza ushuru aliyesimama mbali, asingekuwa na la kushukuru.

Hapo ndipo ninapoona njia panda. Ipo shukrani inayosimama juu ya tofauti kati yangu na mwenzangu: mimi nimepata, yeye amekosa. Na ipo shukrani inayosimama juu ya jambo lililokuwepo kabla ya tofauti hiyo: kwamba nipo, kwamba uhai wangu sikujipa. Abiria aliyetolewa ziwani Jumapili alikuwa anaishi kwa zawadi hata Jumamosi, na hata wale 19 waliishi kwa zawadi hiyohiyo siku zao zote. Ajali haikuanzisha ukarimu wa Mungu kwa mmoja na kuusitisha kwa mwingine. Iliuondoa utando wa mazoea machoni pa aliyepona, akauona mkono uliokuwa umemshika siku zote. Shukrani ya namna hii anaweza kuitamka akiwa amemshika mkono mjane, na mjane akaitikia amina, kwa kuwa naye anayo sababu ya kushukuru kwa miaka aliyoishi na mume wake. Ile ya kwanza haiwezi kutamkwa mbele yake. Hiki ndicho kipimo changu, na sijapata bora kuliko hiki: sifa isiyoweza kusemwa mbele ya mfiwa bado haijawa sifa ya Mungu.

Kutoka kwenye uhai twende kwenye riziki. Na riziki, kwa mtu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, maana yake ni kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba.

Mgeni anayepita barabara ya Muleba kwenda Bukoba huiona migomba iliyozizunguka nyumba, kahawa chini yake, maharage katikati, akadhani nchi hii imebarikiwa udongo. Sivyo. Pembezoni mwa ziwa mvua inafikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua nyingi hivyo kwa karne nyingi imeusafisha udongo rutuba yake na kuuacha na uchachu. Udongo wa asili ni ule wa rweya, mbuga za nyasi zilizo kati ya vijiji, ambako ukipanda mgomba unadumaa. Kibanja kilitengenezwa. Vizazi kwa vizazi watu walikata nyasi rweya wakazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba. Walichunga ng'ombe huko mchana, wakawarudisha nyumbani usiku, na samadi ikaenda shambani. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, mabaki ya pombe ya ndizi (rubisi), vyote vilirudishwa ardhini. Udongo mweusi ambao mjukuu anauchimba leo ni kazi ya mikono ambayo mingi haina jina tena.

Basi mjukuu huyo anaposimama kanisani Jumapili ya mavuno na mkungu wake, anamsifu nani? Mwenye kushuku atamwambia: washukuru babu na bibi zako, Mungu hakubeba nyasi. Nakubali nusu ya kwanza na kuikataa ya pili. Waseminari wanaosoma falsafa pale Seminari ya Ntungamo, Bukoba, hufundishwa hoja ya Thoma wa Akwino kwamba Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda kupitia sababu za pili, wala hazishindani. Kinachotolewa na mkono wa mtu hakiachi kutoka kwa Mungu. Hoja hiyo ni nzuri, ila kibanja kinaongeza kitu nisichokiona vitabuni: bibi aliyebeba nyasi akiwa kijana hakumjua mjukuu huyu. Alimtunza mtu ambaye bado hakuwepo. Kama kuna mahali nauona utunzaji wa Mungu kwa macho, ni hapo, katika mkono unaompa mtu asiyeweza kulipa kwa kuwa hajazaliwa. Kumsifu Mungu kwa ndizi ni kukiri kwamba nilipendwa kabla sijastahili chochote, na waliobeba mapenzi hayo walikuwa watu.

Hivyo hivyo kwa wavuvi wa asubuhi ile. Anayemshukuru Mungu kwa kuokolewa halafu akapita bila kumtazama mvuvi hajamtukuza Mungu zaidi. Amemnyang'anya Mungu mikono aliyoitumia.

Kibanja nacho kilipata msiba wake. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa wilayani Muleba, ukasambaa mkoani. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa linatoa usaha. Hauna dawa. Kinachosaidia ni kung'oa mgomba mgonjwa, kusafisha panga kabla ya kuhamia shina jingine, na kuondoa ua la kiume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasilitembelee na panga lisibebe ugonjwa. Nimesikia watu wakiona kwamba kutegemea kijiti ni kupungukiwa imani. Nadhani kijiti hicho ni sehemu ya jibu la sala. Aliyeomba riziki akakataa kuondoa ua hilo hakuelewa alichokuwa anakiomba.

Lakini yapo majira ambayo kijiti hakipo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa mbali miaka mingi. Vijiji vilizika watu wa umri wa kulea na kulima, vikabaki na wazee na watoto. Na katika vijiji hivyo watu waliendelea kwenda kanisani na kumsifu Mungu.

Hapa mwanafalsafa anapaswa kuvua viatu. Ni rahisi kusema walikuwa wanajiliwaza. Lakini liwazo hutafuta kusahau, na mabibi wale hawakusahau chochote. Walikuwa na makaburi ya watoto wao ndani ya kibanja, hatua chache kutoka mlangoni, na wajukuu wa kuwalisha jioni ile. Sifa yao haikusema mambo ni mazuri. Ilisema kwamba kifo hakijapewa neno la mwisho juu ya nyumba hii, na ikathibitisha kwa uji. Nabii Habakuki anamaliza kitabu chake hivyo: anahesabu mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba na mazizi, vyote vitupu, kisha anatangaza atamfurahia Bwana. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walioingia Bukoba mwaka 1910 walitoka katika kanisa linaloimba wimbo wa shukrani wa Martin Rinkart, mchungaji wa Eilenburg, Ujerumani. Wimbo huo ni wa miaka ya vita vilivyodumu miaka 30, na katika tauni ya mwaka 1637 Rinkart alizika maelfu ya watu, mke wake miongoni mwao. Mabibi wale wa vijijini hawakuhitaji kufundishwa na Rinkart. Nawataja pamoja kwa sababu wote wanatukatalia wazo kwamba sifa ni risiti ya kupokea mema.

Na utunzaji ulikuja pia kwa taasisi. Hospitali ya Ndolage ya Walutheri, Rubya na Kagondo za Wakatoliki, zote wilayani Muleba, ziliwapokea wagonjwa ambao wengine waliwaogopa. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilianzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Hiyo nayo ni sifa, iliyojengwa kwa matofali na mishahara ya wauguzi.

Baadhi ya yatima wale, hata hivyo, walikuwa na mama, na mama hao walikuwa wajane, na hapa sifa ya Buhaya, nchi hii ya Wahaya, inapaswa kujihoji. Mila ilimzuia mwanamke, awe mjane au binti, kuuza ardhi ya ukoo. Mwanamke mmoja wa Muleba aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza. Ndugu wa ukoo akamshitaki, na mahakama ya mwanzo ikampa ushindi huyo ndugu. Kesi ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inakiuka usawa uliomo katika Katiba. Nafikiria Jumapili zote kabla ya hukumu ile, na nyingi baada yake, ambapo wanaume wamemshukuru Mungu kwa ardhi huku shangazi zao wameondolewa juu yake. Hapo kipimo cha mfiwa kinarudi kwa sura kali zaidi, maana safari hii aliyesababisha kukosa si ziwa wala bakteria. Ni anayeshukuru mwenyewe. Sifa ya namna hiyo ina ushahidi dhidi yake. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikipa kitabu chake jina linalotaja pamoja Kanisa, ukoo na ulimwengu. Naona kwamba hivyo vitatu vinapaswa kusemeshana hasa siku ya mavuno, wakati kila mtu ameleta mkungu kutoka ardhini na hakuna anayeulizwa ardhi hiyo ameipataje.

Siku hizi shuhuda zimebadilika. Nasikia nyingi za gari, kiwanja, kupandishwa cheo. Siwalaumu wanaoshukuru kwa hayo. Mtu aliyelala njaa ana haki ya kushangilia nyumba. Ninachokiogopa ni mahubiri yanayotengeneza bei: toa sadaka hii, upokee ile. Mahali hapo Mungu amefanywa mdaiwa, na maskini amefanywa mtu ambaye hakutoa ya kutosha. Mnada wa mavuno wa zamani una afya kuliko hayo. Mkungu unaletwa, unanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, mtu anaununua kwa bei inayozidi ya sokoni akijua anazidisha, na mara nyingine anaurudisha unadiwe tena. Hakuna anayepata faida, na kila mtu anacheka.

Kwa hiyo ninawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa wa Bukoba na Muleba jambo moja linalowezekana. Katika ibada ya mavuno, kabla ya shuhuda kuanza, watajwe kwa majina waliofiwa mwaka huo, waliopoteza migomba kwa mnyauko, na wajane ambao kesi zao za ardhi hazijaisha. Wapewe nafasi ya kulia mbele za Mungu kama Zaburi zinavyowaruhusu. Kisha waalikwe wenye kushukuru, nao waseme wakiwaangalia hao.